Mwalimu wa Chang'ombe aliyeongoza Beijing

Ukitoka Mtoni kwa Azizi Ali ukafuata Barabara ya Kilwa kuelekea mjini, kisha ukaingia Chang'ombe, jirani na Uwanja wa Mkapa utakikuta Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam (DUCE). Kabla ya mwaka 2005 hapo palikuwa na Chuo cha Ualimu Chang'ombe. Kuanzia 1970 hadi 1975 mmoja wa wakufunzi wake alikuwa binti wa Ukerewe, Getrude Mongella. Vijana wa Temeke wanapita hapo kila siku kwenda mpirani, na naamini wengi hawajawahi kuambiwa hilo.

Naanza na ualimu kwa makusudi. Yaliyofuata yanajulikana: ubunge, uwaziri, kisha ubalozi wetu India mwaka 1991. Mwishoni mwa 1992 Umoja wa Mataifa ulimkabidhi Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake akiwa Katibu Mkuu wake. Ilikuwa kazi ya mtu aliyezoea darasa lenye wanafunzi wasioelewana.

Rasimu ya maazimio ya mkutano huo iliyopelekwa Beijing Septemba 1995 ilijaa mabano. Ndivyo wanadiplomasia wanavyofanya: maneno ambayo nchi fulani imeyakataa hufungiwa kwenye mabano, halafu wajumbe hukesha wakiyafungua moja baada ya jingine. Vatikani ilikuwa na lake kuhusu afya ya uzazi, Ulaya ina lake, nchi za Kiislamu zina lake kuhusu mirathi. Nje ya jiji, huko Huairou, maelfu ya wanawake wa asasi za kiraia walikanyaga matope ya mvua wakidai kusikilizwa. Tarehe 15 nchi 189 ziliafikiana, na maeneo 12 ya utekelezaji yakapitishwa.

La kumi na mbili ndilo linalonigusa zaidi: mtoto wa kike. Waafrika ndio waliolipigania, tangu mkutano wao wa maandalizi wa Dakar, Novemba 1994. Walijua kwamba kumtetea mwanamke mtu mzima huku binti yake akiolewa akiwa na miaka 14 ni kuchota maji kwa pakacha.

Aliporudi nyumbani, watu walimwita Mama Beijing. Wapo wanaume waliolitaja jiji hilo kwa kejeli kila mke alipodai haki yake, lakini sheria za ardhi za 1999 zilimpa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Mwaka 2004 Mama Mongella akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika, chombo kilichopewa uwezo wa kushauri tu. Aliliongoza hadi 2009, na kwa maoni yangu alistahili bunge lenye meno.

Deni kubwa limebaki kwetu. Binti aliyepata mimba shuleni aliruhusiwa rasmi kurudi darasani Novemba 2021, miaka 26 baada ya Beijing. Kurudi kwake bado kunahitaji mtu wa kumlelea mtoto, nauli, na mwalimu asiyemsimanga mbele ya wenzake.