Haiku na Mapigo Yaliyonyamaza

Haiku, shairi fupi la Kijapani lililofikishwa kwenye kilele chake na Matsuo Bashō katika karne ya 17 na kupewa jina hilo na Masaoka Shiki mwishoni mwa karne ya 19, hujulikana na wengi kwa hesabu yake tu, yaani sehemu tatu zenye mizani 5, 7 na 5. Hesabu hiyo huwavutia waamuzi wa mashindano kwa kuwa huhakikiwa kwa vidole pasipo kuhitaji sikio lolote. Mwanamuziki, ambaye kazi yake ni kugawa muda, husikia ndani ya shairi hilo jambo jingine, nalo ni kimya kilichopimwa.

Wako wataalamu wanaoeleza kwamba haiku inaposomwa kwa sauti kila sehemu hukaa juu ya mapigo manne, na kila pigo hubeba mizani 2, hivyo kila sehemu ina nafasi 8 hata pale maneno yasipozijaza. Sehemu ya kwanza huacha nafasi 3 wazi, ya pili 1, na ya tatu 3, kwa hiyo katika nafasi 24 za shairi zima 7 ni kimya. Mshairi wa Kiswahili aliyelelewa na tarbia, shairi ambalo kila ubeti una mishororo minne na kila mshororo una vipande viwili vya mizani 8, amezoea kinyume chake, maana kanuni alizozichapisha Kaluta Amri Abedi wa Ujiji mwaka 1954 hazimruhusu kuacha nafasi hata moja tupu. Kipimo, ajabu kidogo, ni kilekile cha nane.

Mjini Lubumbashi, katika eneo la Katanga nchini Kongo, sikio la kusikia kimya kilichopimwa lina shule yake ya zamani, ambayo ni gitaa la Katanga. Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, alipiga kwa namna ambayo sauti ya mwimbaji inaponyamaza nyuzi huendelea kushika mapigo, na msikilizaji hujua kimya kitadumu kwa muda gani kabla neno halijarudi. Haiku haina gitaa la kuishikia muda; kimya chake hakina budi kushikwa na muundo wa maneno yenyewe. Wajapani wana maneno maalumu ya kukata, mfano wa «ya» na «kana», yanayomwonyesha msomaji mahali pa kusimama, ilhali katika Kiswahili sarufi ndiyo inayopaswa kutoa kituo hicho.

Mifano miwili iliyotungwa kwa ajili ya maelezo haya itaonyesha tofauti. Wa kwanza ni huu: «Mvua ya kwanza / uyoga wachipuka / kando ya reli». Wa pili ni huu: «Mvua yaleta / uyoga mwingi sana / kando ya reli». Yote miwili ina mizani 17 kamili, na mwamuzi wa vidole ataipa alama sawa. Katika mfano wa pili, hata hivyo, kitenzi «yaleta» kinadai yambwa yake papo hapo, yaani kile kinacholetwa, kwa hiyo msomaji hawezi kusimama kwa nafasi 3 bila kuivunja sentensi, na «mwingi sana» ni maneno ya kujazia tu. Mfano wa kwanza hutua baada ya «kwanza» bila kudai kitu, kisha sehemu ya pili huteleza kuingia ya tatu, jambo ambalo nafasi yake 1 ya kimya inalitaka. Mkazo wa Kiswahili, unaoangukia silabi ya pili kutoka mwisho, huzifanya sehemu zote tatu zitue kwa namna moja. Hilo ni tabia ya lugha, na si haki mshairi akatwe alama kwa ajili yake.

Kiswahili cha Lubumbashi huongeza mtihani mwingine. Anayesema «mutu» badala ya «mtu» hapotezi wala hapati kitu, kwa kuwa «m» ya «mtu» ni mizani kamili, kama Wajapani wanavyoihesabu «n» inayofunga silabi. Bali anayesema «njo» mahali pa «ndiyo» amepunguza mizani 1, na mwamuzi anayesahihisha tahajia kimoyomoyo atamwona amezidisha, hali yeye hakukosea.

Tuzo za haiku si ngeni katika ukanda huu, kwani Babishai Niwe ya Uganda ilianzisha yake mwaka 2016. Waandaaji watakaoitisha shindano la Kiswahili mjini Lubumbashi wanashauriwa kutangaza mapema kwamba mizani itahesabiwa kama mshairi anavyotamka, kumweka mwanamuziki mmoja kwenye jopo, na kuagiza kila shairi lisomwe kwa sauti mara mbili na wasomaji wawili tofauti. Ikiwa wote wawili watasimama mahali pamoja bila kuelekezwa, shairi hilo, hata likiwa na mizani 16, linastahili alama nyingi kuliko lenye 17 ambalo kila msomaji amelikata kivyake.