Mlima Hausogei, Minara Huota

Asimamaye kwenye miteremko ya Machame asubuhi ya mwezi wa Julai, mawingu yakiwa yameshuka hadi kwenye migomba, husikia ndege kabla hajaiona, na mara nyingi haioni kabisa. Ngurumo hupita upande wa kusini, huteremka uwandani kuelekea Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, kisha hunyamaza. Mzee mmoja wa huko, mwenyeji wangu, ambaye kihamba chake kinautazama uwanda wa Hai, aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake papo hapo: "Sasa mwanangu, huyo rubani, mlima ukiwa umejificha hivi, anajuaje kuwa upo?"

Mimi ni mtu wa Unguja, ambako hakuna kilima kifikiacho mita 200. Swali la mlima lilinikuta sina la kusema. Hata hivyo ni swali liwahusulo watu wa visiwani zaidi ya wanavyodhani, na kwa ajili hiyo nimeona niliandikie safu hii.

Uwanja huo, ambao wengi wetu twauita KIA, ulifunguliwa mwaka 1971 wakati wa Mwalimu Nyerere. Umekaa uwandani kwenye kimo cha mita 894 kutoka usawa wa bahari, na barabara yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,600. Kaskazini mashariki yake pana Kibo, mita 5,895. Magharibi pana Meru, mita 4,560 na ushei. Mei 18, 1955, kabla uwanja haujakuwapo, ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki aina ya DC-3, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga ubavu wa mlima huu, na watu wote 20 waliokuwamo walifariki. Mnamo Novemba 2008 ndege ndogo iliyochukua watalii wa Kitaliano iliangukia Mawenzi, wakafa wanne. Mlima haukusogea hata mara moja kati ya hizo mbili. Aliyepotewa ni mwenye kuruka.

Kwa miaka mingi jibu la swali la mzee lilikuwa chuma kilichosimikwa ardhini. Vituo vya redio viliwekwa hapa na pale, na rubani alikwenda kutoka kituo hata kituo, kama nahodha wa jahazi aendaye usiku kwa kufuata taa ya mnara mmoja hadi ya mnara mwingine. Njia hiyo imewafikisha watu salama kwa miongo, wala si haki kuibeza. Lakini ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kuwa ndege hulazimika kupita palipo na kituo, hata kama njia fupi ni nyingine. Ya pili tunaielewa vizuri sisi tuliosomea chuoni na kufundishwa kuelekea kibla. Kibla cha Unguja ni kaskazini, karibu kaskazini hasa. Lakini mtu akikosea kwa digrii moja tu, mstari wake ukinyooshwa hadi Makka utapita kilomita 50 na zaidi pembeni. Ishara ya kituo cha redio iko vivyo hivyo: kadiri ndege iwavyo mbali na kituo, ndivyo kosa dogo lizidivyo kuwa pana. Penye bahari tupu haidhuru. Penye Kibo na Meru, inadhuru.

Jibu jipya ni urambazaji unaozingatia utendaji. Jina ni zito, lakini maana yake si ngumu. Zamani sheria ilimwuliza rubani: umebeba chombo gani? Sasa inamwuliza: waweza kushika njia kwa usahihi kiasi gani, na ukishindwa, chombo chako kitakwambia? Ndege hupata mahali ilipo kwa setilaiti, na kompyuta yake huifuata njia iliyochorwa kwa nukta, hata kama ardhini chini yake hapana chochote. Katika safari ya mbali huenda ikatakiwa isipotoke zaidi ya maili 5 za baharini kwa asilimia 95 ya muda wa safari. Ikikaribia kutua, hutakiwa isipotoke zaidi ya sehemu tatu za kumi za maili hiyo, yaani kama mita 550. Na katika daraja za juu za utaratibu huu, chombo hujikagua chenyewe na kumwonya rubani mara tu kinapotia shaka. Hapo ndipo utaratibu huu unapotofautiana na kule kuwa na setilaiti tu.

Jambo hili halikuanza jana. Setilaiti zenyewe zilikuwa za jeshi la Marekani, na mlango wake ulifunguliwa kwa ndege za kiraia kwa ahadi iliyotolewa mwaka 1983, baada ya ndege ya abiria ya Korea Kusini kupotea njia, ikaingia katika anga ya Urusi ya Kisovieti na kutunguliwa. Mwaka 1996 shirika la ndege la Alaska lilianza kutua kwa njia hii Juneau, mji uliobanwa na milima na usiofikika kwa barabara kutoka nje. Watu wa visiwani wataelewa mara moja kwa nini mji wa namna hiyo ulitangulia. ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, lilipitisha azimio mwaka 2007, likalirekebisha mwaka 2010, likizitaka nchi wanachama ziwe na njia hizi za kutulia, zenye kumwongoza rubani hata katika kimo, ifikapo mwaka 2016. Muda huo ulipita, na nchi nyingi, tajiri zikiwamo, hazikuwa zimemaliza.

Kwa nini nchi huchelewa, ilhali kazi hii haidai kusimika mitambo mikubwa? Nadhani sababu moja twaijua sisi tulio katika Chama na Serikali, ingawa hatupendi kuisema. Tumezoea kuhesabu maendeleo kwa vinavyoonekana. Jengo la abiria lina jiwe la msingi. Rada ina mnara wa kupigia picha. Utaratibu wa setilaiti hauna utepe wa kukata. Ni karatasi yenye namba. Na tusisahau kuwa vinavyoonekana vimepata kutugharimu. Rada ya Uingereza iliyonunuliwa mwaka 2001 kwa pauni milioni 28 ilipingwa tangu mwanzo na wataalamu walioiona ghali mno, na kesi yake ikaishia kwa kampuni iliyoiuza, BAE, kulipa pauni milioni 29.5 mwaka 2012 ili zitumike katika elimu ya watoto wetu. Sisemi kuwa rada haina kazi. Mkataba wa mwaka 2017 na kampuni ya Thales ya Ufaransa wa kuweka rada nne, Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, uliziba pengo la kweli, kwani mwongoza ndege anapaswa kuona anachokiongoza. Nasema tu kwamba rada humwonyesha mtu aliye chini. Njia iliyopimwa vizuri humlinda aliye juu.

Na hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Usahihi ambao zamani ulikaa katika chuma sasa umehamia katika namba, na namba huandikwa na watu.

Mei 23, 2022, ndege aina ya Airbus ilikuwa inatua Paris kwa utaratibu huu huu, mvua ikinyesha, chombo cha redio cha kutulia ndege katika barabara ile kikiwa kimezimwa. Katika njia hii kimo cha ndege hutokana na mgandamizo wa hewa, ambao rubani huambiwa na mwongoza ndege. Mgandamizo ulikuwa 1001. Mwongoza ndege akasema 1011. Tarakimu moja. Vipima kimo vitegemeavyo mgandamizo wa hewa vikaonyesha kuwa ndege iko juu kwa futi zipatazo 280 kuliko ilivyokuwa. Marubani, kwa kutoiona barabara, walianza kupaa tena. Ndege ilikuwa imefika futi 6 tu kutoka ardhini, zaidi ya kilomita moja kabla ya barabara. Setilaiti hazikukosea, wala kompyuta haikukosea. Ikiwa hilo limetokea Paris, basi si jambo la kuogopesha watu, bali ni la kutufanya tujue kazi imehamia wapi: kwa mpima hewa, kwa mwongoza ndege, kwa mpima ardhi, na kwa karani apokeaye barua.

Mpima ardhi nimemtaja kwa makusudi. Njia ya kutulia huchorwa baada ya kupima kila kinachosimama chini yake: kilima, mti, tangi la maji, mnara wa simu. Mlima ukishapimwa umepimwa. Lakini nikitoka Boma Ng'ombe kupanda Machame nilihesabu minara ya simu hadi nikachoka, na mwenyeji wangu akanionyesha mingine ambayo, kwa kauli yake, haikuwapo juzi. Minara ni neema. Mkulima wa kahawa anayeuliza bei kwa simu hawezi kuambiwa aishi bila huo mnara. Lakini mnara mmoja ukisimamishwa mahali pasipofaa, njia iliyo chini ya wingu hulazimika kuinuliwa, na ndege ambayo jana ingetua leo itarudi Nairobi au Dar es Salaam. Na mnara uliosimamishwa bila taarifa kutolewa ni hatari isiyoonekana katika karatasi yoyote.

Wapo watakaosema kuwa vyombo hivi vitamaliza makosa ya binadamu. Waangalie Kisongo. Desemba 18, 2013, ndege kubwa aina ya Boeing 767 iliyokusudia KIA ilitua katika uwanja mdogo wa Arusha, wenye barabara ya mita 1,620, ikapita mwisho wa barabara na kukwama kwenye majani. Hakuna aliyeumia. Ndege hiyo haikukosa vyombo vya kujua ilipo. Macho yaliona barabara, na macho yakaaminiwa.

Sasa nirudi nyumbani. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa abiria katika ndege ndogo iliyotoka Unguja kwenda Pemba siku ya masika. Tulizunguka mara mbili juu ya mikarafuu ambayo hatukuiona, kisha tukarudi tulikotoka. Simlaumu rubani, alifanya lililompasa. Lakini nyuma yangu aliketi bibi mmoja aliyekuwa anayawahi maziko ya kaka yake, na sisi Waislamu twajua kuwa maziko hayangoji. Alishuka Unguja akiwa kimya, akakaa juu ya mzigo wake mlangoni pa uwanja. Huenda hali ile isingeruhusu kutua kwa njia yoyote. Lakini kiwanja kidogo, kisichoweza kumudu mitambo ya ardhini ya mamilioni, ndicho chenye kupata faida kubwa zaidi katika utaratibu huu, kwani huhitaji zaidi vipimo, watu waliosomea na taarifa za hewa zisizokosewa. Njia hizi zikihesabiwa kuwa ni mambo ya KIA na ya watalii wapandao Kibo kisha washukao Nungwi kuoga, tutakuwa tumemsahau bibi yule.

Kwa mujibu wa Katiba usafiri wa anga ni jambo la Muungano, lakini ardhi ya Unguja na Pemba, na vibali vya kujenga juu yake, viko mikononi mwa Serikali ya Mapinduzi. Maana yake ni kwamba mtu anayechora njia ya ndege na mtu anayetia saini kibali cha mnara hawaketi katika ofisi moja, wala pengine hawajapata kuonana. Huko Moshi pia mambo ni hayo hayo, baina ya halmashauri na wakuu wa anga. Barua kati yao isiwe hisani ya ofisa mwema. Iwe sharti la kibali chenyewe.

Wala vituo vya zamani visivunjwe vyote kwa furaha ya mapya. Katika miaka ya karibuni marubani wapitao karibu na vita, Mashariki ya Kati na kandokando ya Ukraine, wamekuwa wakikuta ishara za setilaiti zimevurugwa au zimeghushiwa, na ndege ziletazo jamaa zetu kutoka Ghuba si ngeni kwa anga hizo. Nahodha mwenye busara hatupi dira kwa kuwa amenunua chombo kipya.

Liko jambo moja dogo ambalo maofisa wetu wangefaa walijue kwa moyo. Mabadiliko ya ramani na namba za anga hutolewa duniani kote kwa tarehe zilizopangwa, kila baada ya siku 28, na kompyuta za ndege hulishwa namba hizo kwa mzunguko huo huo. Taarifa hutakiwa ifike wiki nyingi kabla ya tarehe yake. Barua iliyolala mezani wiki moja huenda ikakosa mzunguko mzima, na mnara ukawa umesimama mwezi zaidi pasipo kuwamo katika kompyuta ya ndege yoyote.

Hayo ndiyo niliyomweleza mzee wa Machame nilipopata jibu lake, jioni, wingu likiwa limefunguka kidogo na theluji ya Kibo ikionekana. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha alinyoosha fimbo yake kuelekea ukingo wa bonde, ambako mafundi walikuwa wamesimamisha mnara mpya usiotiwa taa bado, akauliza: "Na ule, mwanangu, umeshaandikwa?" Nikamwahidi kwamba nitauliza.