Kwa Nini Daraja Lijengewe Paa?

Sote tumezoea kuona paa juu ya nyumba, ghala au banda la kuku. Je, mmewahi kusikia habari za daraja lenye paa? Leo tutaeleza juu ya daraja moja la namna hiyo.

Daraja hilo liko mashambani huko Marekani, juu ya mto Connecticut. Ng'ambo moja ni Cornish, jimbo la New Hampshire. Ng'ambo ya pili ni Windsor, jimbo la Vermont. Daraja la kwanza lilijengwa hapo mwaka 1796. Mafuriko yakalichukua. Likajengwa la pili mwaka 1824, na la tatu mwaka 1849. Yote yalikwenda na maji. Watu hawakukata tamaa. Mwaka 1866 mafundi James Tasker na Bela Fletcher walijenga la nne, kwa dola 9,000. Urefu wake ni kama mita 137. Hilo ndilo linalosimama mpaka leo.

Sasa, paa ni la nini? Wapita njia hujikinga mvua, lakini shabaha kubwa ni kukinga mbao zenyewe. Mbao zikilowa kila mara huota ukungu, halafu huoza. Ubavuni mwa daraja hili kuna mihimili iliyopishana kama wavu. Hiyo ndiyo inayobeba mzigo. Mihimili ikioza, daraja limekwisha. Lakini paa likichakaa, linabadilishwa tu, na mihimili inabaki mizima.

Matumizi nayo yalikuwa na masharti. Kibao kiliwaonya wenye farasi wawatembeze polepole, au walipe faini ya dola 2. Na mpaka mwaka 1943, kupita hapo kulikuwa kwa ushuru.

Hata hivyo, paa peke yake halitoshi. Miaka ilipita, magari yakaja, daraja likaanza kubonyea. Mwaka 1987 likafungwa. Mafundi waliondoa mihimili iliyochoka, wakaweka mipya ya mbao zilizounganishwa kwa gundi. Likafunguliwa tena Desemba 1989. Kazi hiyo ilikula zaidi ya dola milioni 4.

Basi ndugu zetu, mali ya wote haingojewi mpaka ivunjike. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tujadiliane: Kijijini kwenu, ni nani hukagua paa la shule, ghala na zahanati kabla ya masika? Kama hayupo, mtamchagua lini?