Vidonge vya Tumbo Vinavyoyeyuka Katika Maji: Yaliyomo Nyuma ya Povu

Kila Desemba Kirua Vunjo hujaa watu. Waliohamia Dar es Salaam, Arusha na Mwanza hurudi kihamba, mbuzi huchinjwa, mbege huzunguka kutoka mkono hadi mkono, na usiku kiungulia huanza. Kesho yake mtoto hutumwa dukani kuleta kile kidonge kikubwa cheupe ambacho hutiwa katika glasi ya maji na kutoa povu. Wengi hukiona kama soda tu. Hapa tunaeleza kwa nini kidonge hicho ni dawa, na kwa nini baadhi ya aina zake zinaweza kumsababishia kuvuja damu mtu aliyetafuta nafuu ya tumbo.

Ndani ya kidonge mna bikaboneti ya sodiamu, ndugu wa karibu wa magadi tunayotia katika kiburu, pamoja na asidi kavu kama ile ya ndimu. Vikiwa vikavu havidhuriani. Vikikutana na maji hutoa hewa ya ukaa, nayo ndiyo povu tunaloliona. Bikaboneti inayosalia hupunguza ukali wa asidi tumboni, mnywaji hucheua, na kiungulia hutulia kwa muda.

Tatizo kubwa kuliko yote, kwa maoni yetu, ni kwamba baadhi ya vidonge hivi vimeongezwa aspirini ili vitulize pia maumivu ya kichwa. Mfano unaojulikana ni Alka-Seltzer ya asili, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1931; katika toleo la nchi hiyo kila kidonge kina miligramu 325 za aspirini. Aspirini hudhoofisha utando unaoulinda ukuta wa tumbo, na wakati huohuo huchelewesha damu kuganda. Mwenye vidonda vya tumbo anayekunywa kidonge hicho anaongeza kile anachokikimbia. Juni 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliutahadharisha umma baada ya kubaini visa vipya 8 vya kuvuja damu kwa kiwango cha hatari kwa watumiaji wa bidhaa za namna hii. Baadhi yao walilazimika kuongezewa damu.

Chukulia mzee wa miaka 70 anayetumia diklofenaki kwa ajili ya magoti (na kupanda na kushuka miteremko ya Kirua kila siku si jambo dogo), ambaye pia amekunywa pombe tangu mchana. Umri wake, dawa ya magoti na pombe, kila kimoja peke yake huongeza uwezekano wa tumbo kuvuja damu. Kidonge chenye aspirini kinaongeza cha nne, naye hajui, kwa sababu aliomba “dawa ya gesi”. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wako katika hatari kama hiyo. Watoto walio chini ya miaka 16 wasipewe aspirini bila agizo la daktari, kwa kuwa inahusishwa na ugonjwa wa Reye, ambao ni adimu lakini hushambulia ubongo na ini.

Kinyesi cheusi kama lami, matapishi yenye damu au yanayofanana na machicha ya kahawa, kizunguzungu na jasho la baridi ni dalili za damu kuvuja ndani. Usisubiri kupambazuke. Mpeleke mgonjwa Hospitali ya Kilema, Mawenzi au KCMC, kwa kutegemea iliyo karibu, na uende na pakiti ya dawa.

Hata kidonge kisicho na aspirini kina chumvi yake. Vidonge viwili vya toleo tulilolitaja vina zaidi ya miligramu 1,100 za sodiamu, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi miligramu 2,000 kwa siku nzima, chakula kikiwemo. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au wa figo amuulize mtaalamu kwanza. Aidha, kidonge kiyeyuke chote kabla ya kunywewa, na kisinywewe tumbo likiwa limeshiba kupita kiasi, maana gesi huhitaji nafasi.

Yote haya yameandikwa kwenye pakiti, na hapo ndipo penye kasoro: vidonge huuzwa kimoja kimoja, pakiti ikabaki kwa muuzaji. Omba uione. Tafuta maneno “aspirin” au “acetylsalicylic acid”, kisha tarehe ya mwisho wa matumizi. Kidonge kilichovimba au kulainika kimekwisha kuingia unyevu, jambo la kawaida kwenye ukungu wa mlimani, kikatae. Dawa zinazoletwa na ndugu kutoka ng’ambo zinastahili tahadhari hiyohiyo, kwani huenda hazijasajiliwa nchini.

Kiungulia kinachojirudia kwa zaidi ya wiki mbili kinahitaji kupimwa. Na ukipata madhara baada ya kutumia dawa yoyote, mweleze mhudumu wa afya au mtoa dawa ajaze fomu ya njano ya taarifa za madhara ya dawa. Mtaje jina la dawa na namba ya toleo iliyo kwenye pakiti.