Je, Wajua? Mche wa Maboga Hushikwa na Kiu Majini

Masika yakikolea, pita kwenye shamba la maboga lililoko bondeni. Maji yametuama mashinani, lakini majani yamelegea utadhani ni kiangazi. Siku chache baadaye yale ya chini yanapauka, kisha yanakuwa ya njano.

Kisa ni hewa. Mizizi nayo hupumua, na oksijeni huifikia kupitia vijinafasi vilivyo kati ya chembe za udongo. Vikijaa maji, njia huziba, kwani ndani ya maji oksijeni husambaa polepole mara 10,000 hivi kuliko hewani. Ile kidogo iliyosalia humalizwa na mizizi yenyewe pamoja na vijidudu vya udongoni, mara nyingi kwa siku moja au mbili. Mpunga una mirija ya kushushia hewa mizizini. Maboga hayakujaliwa hivyo. Mizizi yake huanza kuchachusha sukari, mfano wa pombe, na nguvu inayopatikana ni haba. Vitundu vinavyopitisha maji kwenye seli za mizizi hufunga. Kiu hiyo!

Sasa rangi. Ukijani wa jani ni klorofili, au umbijani. Kila molekuli yake ina atomu moja ya magnesiamu katikati, na atomu nne za nitrojeni zimeizunguka. Mizizi iliyolemaa haivuti nitrojeni ya kutosha, na hata iliyomo udongoni huibwa: wapo bakteria ambao wakikosa oksijeni hupumulia naitreti, wakaigeuza gesi ikapaa. Mmea hubomoa protini za majani ya chini ili kuyalisha machanga ya juu, na klorofili iliyoshikiliwa na protini hizo huvunjwa nayo. Wachumaji wa majani ya maboga, ambao mara nyingi hukata ncha, huenda wasione lolote mwanzoni. Isitoshe, mizizi hupeleka juu kemikali ambayo majanini hugeuka ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi. Hiyo huzeesha jani kabla ya wakati.

Watafiti hawangoji unjano. Hubana jani kwa kifaa cha mkononi kinachopitisha mwanga mwekundu. Klorofili huumeza mwanga huo. Ukipenya mwingi, kijani kimepungua.

Basi ukiona njano, usikimbilie kumwaga yurea majini, mizizi iliyolemaa haitaivuta ya kutosha. Chimba mfereji kwanza, na msimu ujao panda juu ya matuta.