Fahamu: Kwa nini kurejea kwa bendi ya Rush ni habari nzito

Oktoba 2025, wanamuziki Geddy Lee na Alex Lifeson walitangaza kuwa bendi yao Rush, ya roki kutoka Canada, itarudi jukwaani mwaka 2026. Safari hii dramu zinapigwa na Mjerumani, Anika Nilles.

Rush ilianzaje?
Ilizaliwa Toronto mwaka 1968. Mwaka 1974, Donna Halper wa redio WMMS mjini Cleveland, Marekani, aliucheza wimbo wao "Working Man". Wafanyakazi wa viwandani wakaupenda, na milango ikafunguka.

Nani aliondoka?
Mwaka huohuo mpiga dramu John Rutsey, aliyekuwa na kisukari, aliiacha bendi. Neil Peart aliingia wiki mbili tu kabla ya ziara ya Marekani, akawa pia mtunzi mkuu wa mashairi. Albamu ya 2112, ya mwaka 1976, iliwaokoa wakati kampuni yao ya kurekodi ilipoanza kuwakatia tamaa.

Kwa nini walinyamaza?
Peart alifiwa na binti yake mwaka 1997, kisha mwenzi wake mwaka 1998. Wenzake walimsubiri bila kumtafutia mbadala, na albamu mpya ikatoka mwaka 2002. Ziara yao kubwa ya mwisho ilikuwa 2015. Peart alifariki Januari 2020 kwa saratani ya ubongo.

Je, Nilles atamrithi?
Peart harithiki. Lakini Nilles, aliyewahi kupiga na mpiga gitaa Jeff Beck, ana ustadi wa kuzibeba nyimbo hizi ngumu, na anastahili kusikilizwa kwa jina lake mwenyewe.