Kwa nini Cheruiyot Kirui aliachwa mlimani

Mei 2024, habari zilipofika kwamba Cheruiyot Kirui, Mkenya mfanyakazi wa benki na mpanda milima, amefia Everest, Wakenya wengi waliuliza ataletwa lini nyumbani azikwe. Familia yake ikajibu kuwa haitaki mtu mwingine ahatarishe maisha kwa kuuteremsha mwili wake. Uamuzi huo ulikuwa mchungu, na kwa maoni yangu ulikuwa wa upendo mkubwa. Kuuelewa kunahitaji kujua hali ya huko juu.

Kilele cha Everest kiko mita 8,849 juu ya usawa wa bahari, na mwili wa Kirui ulionekana mita chache tu chini yake. Kanieneo ya hewa hapo ni kama theluthi moja ya ile ya Mombasa, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni haba. Kuanzia mita 8,000 kwenda juu, wapanda milima hupaita ukanda wa mauti, kwa kuwa hata aliyeketi tu anazidi kudhoofika. Ubongo nao huathirika vibaya. Mtu huchanganyikiwa huku akiamini yuko timamu, akakataa kugeuka, akakataa hata msaada. Taarifa za siku zile zilisema mwongozaji wake, Nawang Sherpa, aliarifu kwa redio kwamba Kirui amebadilika, hataki kurudi wala kutumia mtungi wa oksijeni.

Wapo waliomlaumu kwa kupanda bila mtungi. Lawama hiyo naiona si ya haki. Reinhold Messner na Peter Habeler walifika kilele cha Everest kwa namna hiyo mwaka 1978, na Kirui mwenyewe alikuwa ameshapanda Manaslu, mita 8,163, bila mtungi mwaka 2023. Hatari aliijua, akaikabili akiwa na uzoefu.

Kuuteremsha mwili kutoka pale si kazi ya helikopta, maana hewa nyepesi hivyo haiibebi ipasavyo. Ni kazi ya mikono ya watu ambao wao wenyewe wanahema kwa shida, wakikokota mwili ulioganda ambao pamoja na barafu huweza kuzidi kilo 100, kwenye ukingo mwembamba. Oktoba 1984, Wanepali wawili walikufa wakijaribu kuurejesha mwili wa Hannelore Schmatz, Mjerumani aliyefia huko mwaka 1979.

Kwetu, kukosa kaburi ni jeraha la pili. Ndiyo maana zipo jamii Kenya zinazozika shina la mgomba mahali pa mwili usiopatikana, ili waombolezaji wapate mahali pa kusimama, wamwage machozi, wamtaje marehemu kwa jina. Wenzake Kirui wana haki ya kuomboleza kikamilifu namna hiyo, hata bila jeneza.

Na katika maombolezo hayo Nawang asisahaulike. Kirui alionekana, ikajulikana amefariki. Nawang alitoweka mlimani. Ukoo wake Nepal ulibaki ukingoja, bila mwili na bila hakika, habari za mtu aliyekuwa kazini, bega kwa bega na mteja wake.